Vipimo vya Siku Njema

Karatasi iliyotoka hospitali ilisema kwamba Chuma yuko salama, na tangu siku hiyo Mama Futi hakupata utulivu.

Ilikuwa karatasi moja tu yenye mhuri. Katikati yake palikuwa na mchoro wa vitone saba vyeusi, na mstari uliopita kati ya vitone hivyo ukiteremka polepole, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto. Kila kitone kilikuwa kipimo kimoja cha damu, na mstari ulionyesha figo zake zinaelekea wapi. Chini yake paliandikwa maneno ambayo Chuma aliyakariri kwa siku moja: uwezekano wa figo kushindwa kazi ndani ya miaka miwili ni kumi na moja kwa mia. Hayo hayakutoka kichwani kwa daktari. Yalitoka kwenye kompyuta, iliyochukua vipimo vyote tangu alipoanza kliniki, ikavipanga kwa tarehe, ikatabiri.

Chuma alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jina hilo alipewa ujanani, siku alipobeba peke yake geti ambalo wenzake watatu walikuwa wanalizunguka wakijadiliana. Jina la namna hiyo nalo ni mzigo. Mtu akishaitwa Chuma hawezi kuonekana ameshika kiuno barabarani. Basi karatasi ile aliitembeza karakana kwa karakana, akawaonyesha wateja, akamwonyesha hata muuza rangi ambaye hakuuliza kitu. Mama yake mzazi, aliyeishi nao katika chumba cha mbele na ambaye ulimi wake ungeweza kukata bati, aliichukua akaibana kwenye kalenda ya ukutani, akatangaza kwamba majirani waliokuwa wakitoa pole za mapema sasa watafute msiba kwingine.

Mama Futi alicheka pamoja nao. Yeye ndiye mke wa Chuma, fundi wa kushona. Cherehani yake ilikaa barazani, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu futi, ule utepe wa kupimia nguo, ilikuwa haimtoki shingoni hata akienda kununua chumvi. Alicheka, lakini kila asubuhi ni yeye aliyepiga magoti mbele ya mumewe na kuusukuma mguu wake ndani ya buti.

Miguu ile ilikuwa inavimba. Si kila siku, na hapo ndipo Chuma alipopata mwanya. Kulikuwa na wiki njema, akatembea akipiga mluzi, na kulikuwa na wiki mbaya, uso ukajaa, pumzi ikawa fupi, akalala ameegemea ukuta. Kliniki ilikuwa kila baada ya miezi miwili. Tarehe ikiangukia wiki njema, Chuma alikwenda, na hakwenda hivihivi: wiki nzima kabla aliacha vile vidonge vya mgongo alivyokatazwa na daktari na ambavyo alivinunua dukani kama peremende, siku tatu za mwisho hakugusa nyama wala nyundo, akakaa kivulini akinywa maji kwa mpango. Tarehe ikiangukia wiki mbaya, alisema, "Waambie nimesafiri." Mama Futi alichukua simu, akamwambia nesi kwamba mzee amesafiri kikazi, na nesi akaandika amesafiri.

Katika miaka miwili Chuma alitakiwa kwenda mara kumi na mbili. Alikwenda mara saba. Mara tano alisafiri, na katika safari zote hizo hakuwahi kuvuka mlango wa chumba chake.

* * *

Mama Vikapu alipita Jumatatu asubuhi kuleta kazi. Alisuka vikapu vya sokoni, na Mama Futi alimshonea vitambaa vya ndani. Walijuana kwenye benchi la kliniki, kwa kuwa na yeye figo zake zilikuwa zimechoka, na mara zote saba ambazo Chuma alikwenda, walimkuta Mama Vikapu amefika kabla yao, kikapu mapajani, vidole vikienda mbio.

Siku hiyo alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari njema inayotisha. Alieleza kwamba ameingia kwenye orodha. Hospitali ilikuwa na mashine chache za kusafisha damu, na wale ambao kompyuta iliona figo zao zitakata tamaa karibuni walifanyiwa mapema upasuaji mdogo wa mkono, mishipa miwili ikaunganishwa ili mashine ipate njia siku ikihitajika. Mshipa ule ulihitaji miezi kadhaa kukomaa. Aliyezidiwa na ugonjwa kabla ya kuandaliwa alitobolewa shingoni kwa haraka, na Mama Vikapu alimkumbusha yule bwana mpole wa benchi la nyuma, aliyetobolewa shingo mwezi ule na mwezi uleule akazikwa.

"Wanachukua kumi na wawili," alisema. "Mimi ni wa kumi na mbili. Wanafunga Ijumaa. Nimepenya kwa tundu la sindano, dada yangu."

Mama Futi alimpa hongera, akamshika mkono.

"Na Chuma je?"

"Yeye kompyuta imemwona mzima."

"Basi mshukuru Mungu," Mama Vikapu akasema, na alimaanisha.

Alipoondoka, Mama Futi alikaa na kikapu mkononi bila kushona. Katika miaka yake ya ufundi hakuna kitu kilichomkera kama mteja anayebana tumbo wakati wa kupimwa. Walikuwa wengi, wanawake kwa wanaume. Futi ikizunguka kiuno tu, pumzi inavutwa juu, tumbo linakwenda mgongoni, na namba inayoandikwa ni ya mtu ambaye hayupo. Aliwaambia kila siku: pumua, nguo haitakuja kukuona ukiwa umejibana. Hawakusikia. Nguo ikapasuka siku ya shughuli, wakarudi kumlaumu fundi.

Na yeye, Mama Futi, alikuwa amesimama miaka miwili pembeni akimshikia mumewe shati wakati anabana tumbo.

Aliinuka akachukua daftari lake la vipimo. Fundi mzuri hakati kitambaa bila kuandika, na haandiki bila tarehe. Hiyo ilikuwa sheria yake hata kwa watu wa nyumbani. Kila Chuma aliposhindwa kuvaa suruali ya kazi kwa sababu ya uvimbe, alimpima kifundo cha mguu, akaandika, akafumua mshono. Alipekua kurasa. Chuma, kifundo, inchi tisa na nusu: hiyo ilikuwa zamani, kabla ya uvimbe. Kumi na nusu. Kumi na moja. Kumi na moja na nusu. Kumi na mbili. Ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili zilizopita, kumi na mbili na nusu. Namba za uvimbe zilikuwa tano, na tarehe zake alizijua kabla ya kuzisoma. Zilikuwa tarehe za safari.

* * *

Jumanne hakumwambia mtu. Alisema anakwenda kununua zipu.

Nesi wa kliniki alimsikiliza nusu, akamwonyesha mlango ulio baada ya maabara, jirani na stoo ya mashuka. Huko alikaa mtakwimu, msichana mwembamba aliyeajiriwa kusoma namba za wagonjwa, ambaye wafanyakazi walimwita Binti Kompyuta na wagonjwa hawakujua kama yupo. Chumba kilikuwa na feni iliyopiga kelele kuliko ilivyopuliza, na kikombe cha chai kilichosahauliwa hadi kikafanya utando.

Mtakwimu alikuwa mtaratibu lakini mkavu. Alisema hawezi kufungua taarifa za mgonjwa kwa mtu mwingine, hata kama ni mkewe.

"Usifungue," Mama Futi alisema. "Mimi sikuja kuuliza, binti. Nimekuja kusema."

Akaweka daftari mezani, akalifungua, akaeleza. Alianza na vidonge vya mgongo, akaja kwenye nyama, akaja kwenye simu. Kila alipotaja safari aliweka kidole kwenye tarehe. Alikuwa amejiandaa kulia na akashangaa kwamba sauti yake haikutetemeka; ilikuwa ileile ya kumweleza mteja kwa nini nguo imeharibika.

Mtakwimu alimsikiliza, kisha akageukia kompyuta, akaandika kitu, akatazama daftari, akatazama kioo, akatazama daftari tena. Alifanya hivyo mara tano. Mara ya tano aliacha mkono wake juu ya meza.

"Mimi niliupenda mstari wake," alisema, kama mtu anayekiri kosa dogo. "Jinsi ulivyonyooka. Wagonjwa wengi vitone vyao vinarukaruka, wake umetulia. Nikasema huyu anajitunza."

Alieleza kwa lugha ambayo Mama Futi aliielewa vizuri. Kompyuta inachukua vipimo vilivyopo na kuvivuta mbele. Pasipo na kipimo, inadhani siku ile ilikuwa kama siku nyingine. Inadhani mtu alikosa basi, au kweli alisafiri. Inaweza kufundishwa kwamba kuna watu ambao kukosa kwao ndiyo habari yenyewe, lakini ni lazima mtu aiambie, na hakuna aliyeiambia. Neno amesafiri lilikuwepo mbele yake mara tano. Hakulitilia maanani kwa sababu halikuwa namba.

"Basi andika hizi," Mama Futi akasukuma daftari.

"Kifundo cha mguu siwezi kukiingiza, mama. Nataka damu. Damu ya leo, ya mtu asiyejiandaa. Akija kesho asubuhi bila kupumzika, bila kuacha chochote, majibu yatatoka Alhamisi, nami Ijumaa naichapa orodha. Akija wiki ijayo, atasubiri awamu nyingine. Miezi minne."

"Na ikionekana yuko vibaya?"

"Ataingia." Mtakwimu alisita, akaifunika kalamu yake, akaifunua. "Lakini ujue kitu kimoja. Nafasi ni kumi na mbili tu. Akiingia mtu wa juu, wa chini kabisa anatoka."

Mama Futi hakuuliza wa chini kabisa ni nani. Alikunja daftari, akaliweka ndani ya kikapu alichokwenda nacho, na alipofika nje ya lango ndipo alipoona ni kikapu cha nani. Alitembea hadi nyumbani, mwendo wa saa nzima, kwa sababu ndani ya basi angelazimika kukaa kitako. Mara mbili aligeuza njia arudi akamwambie yule binti asahau yote. Mara mbili akageuka tena. Zipu hakununua.

* * *

Jioni alimwambia mumewe mbele ya mama mkwe, maana chakula kilikuwa mezani na hakuna aliyekuwa na mahali pa kukimbilia.

Chuma alikula mpaka akamaliza. Kesho yake alikuwa anakwenda kufunga geti la shule, kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule, aliyoipata kwa kuonyesha karatasi ileile baada ya mwalimu mkuu kunong'ona kwamba amesikia fundi ni mgonjwa. Alinawa mikono kidole kimoja kimoja.

"Umekwenda kunisema," alisema.

"Nimekwenda kusema tulichofanya. Mimi na wewe."

"Kompyuta imesoma miaka miwili ya damu yangu. Wewe una daftari la suruali."

"Kompyuta imesoma siku zako njema, baba. Mbaya ninazo mimi."

Hapo mama mkwe aliingilia, na akiingilia huwa hatoki upesi. Alisema ameona wanawake wa kila aina lakini hajaona mwanamke anayepewa habari ya uzima akaenda kuomba ibadilishwe iwe ya kifo. Alisema mwanawe ni mzima, kalenda inasema, mhuri unasema. Alisema kuna watu wakikosa la kushona hushona maneno. Mama Futi alikusanya sahani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba usemi ule wa kushona maneno ulikuwa mzuri, na wakati mwingine angecheka.

Chuma aliinuka kwa kushika meza. "Kesho nina geti," alisema, akaenda kulala ameegemea ukuta.

* * *

Jumatano asubuhi alitoka chumbani amevaa suruali ya kazi, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, akanyoosha mguu kama kawaida. Buti zilikuwa mbele yake. Mama Futi alikuwa barazani, amekaa kwenye cherehani, mikono mapajani. Hakuinuka.

"Mama Futi."

"Naam."

"Saa inakwenda."

"Vaa."

Alidhani anatania. Aliinama mwenyewe, akashika buti, na pumzi ikamkata kabla mkono haujafika kisiginoni. Akajaribu kwa kusimama, akipigapiga mguu sakafuni. Nyama ya mguu ilijikunja kwenye mdomo wa buti, ikakataa. Akakaa. Jasho lilimtoka, na ilikuwa bado asubuhi ya baridi. Jirani aliyekuwa anafagia alipunguza mwendo wa ufagio. Mama Futi aliona yote hayo, akajikaza kisabuni, akashikilia ukingo wa meza ya cherehani ili asiende kupiga magoti.

"Nivalishe," Chuma alisema kwa sauti ya chini.

"Sikuvalishi. Miaka miwili nimekuvalisha. Vaa ndala twende hospitali."

Mama mkwe alitoka chumbani kwake kama moto wa mabua. Aliuliza huyu ni mke wa namna gani, anayekaa akimtazama mumewe anahangaika na kiatu. Akasema kama mke ameshindwa, mama yupo, alikuwa wa kwanza duniani kumvalisha na atamvalisha leo. Akashuka chini taratibu, goti moja kisha la pili, akamkunja mwanawe suruali, akaushika mguu kwa mikono miwili kuusukuma.

Kisha akaacha kusukuma.

Aliondoa kidole gumba chake juu ya kifundo, na pale kilipokuwa palibaki shimo. Alitazama shimo lile likikaa hivyo, bila kujaa. Alibonyeza pembeni yake, akapata shimo jingine. Bibi huyu alikuwa amekanda unga maisha yake yote na alijua kitu gani hurudi kikibonyezwa na kitu gani hakirudi. Chuma aliutazama ukuta wa jirani.

"Tangu lini?" bibi aliuliza, na hakumwuliza mwanawe.

"Tangu mwaka juzi, mama," Mama Futi alijibu.

Bibi alinyoosha mkono kwa mkwewe ili ainuliwe, na alipoinuliwa hakuuachia mkono ule.

"Mletee ndala," alisema.

* * *

Alikwenda hospitali kwa ndala, katika suruali ya kazi yenye matundu ya cheche, akiwa hajapumzika wala kuacha vidonge. Njiani walikutana na mwalimu mkuu amesimama kwenye nafasi tupu ya geti lake. Aliwatazama miguuni. Chuma aliinua mkono akasalimia, na akaendelea kutembea, na Mama Futi alijua kwamba salamu ile ilimgharimu mumewe kuliko sindano.

Majibu yalitoka Alhamisi. Kile kipimo cha nguvu za figo, ambacho kwa miaka miwili kilicheza juu ya thelathini sasa kilikuwa kumi na saba. Mtakwimu aliwaita wote wawili chumbani mwake, akaigeuza kompyuta wauone mchoro. Vitone saba vilikuwa palepale. Cha nane kilikuwa chini kabisa peke yake, na mstari ulikuwa umekivamia, umeacha adabu yote. Kumi na moja kwa mia ilikuwa imekuwa sitini na nane, na si kwa miaka miwili, kwa mwaka mmoja.

"Hizi ndizo siku zako zote sasa," mtakwimu alisema. "Au karibu zote."

Chuma alitazama kitone cha nane kwa muda mrefu. Aliuliza kama kingekuwepo kitone cha safari ya kwanza, mstari ungekuwaje. Mtakwimu alisema hajui. Alisema pengine wangemkuta mapema, pengine dawa ingetosha. Akasema tena kwamba hajui, na ilionekana kuwa neno hilo si rahisi kwake.

Ijumaa orodha ilibandikwa ukutani nje ya kliniki. Chuma alikuwa wa nne. Mama Futi alisoma hadi chini, hadi jina la kumi na mbili, na lilikuwa la mtu asiyemjua. Alisimama pale mpaka nesi alipomwomba asogee, wengine waone.

* * *

Jumanne iliyofuata walikwenda kuonwa na daktari wa upasuaji. Walikuta benchi limejaa, na Mama Vikapu yupo mahali pake pa siku zote, kikapu mapajani. Alijisogeza wakae. Mama Futi alikaa kwenye ncha, kama mtu aliyekuja kuazima kitu.

Kwa siku tatu alikuwa ametunga maneno ya kumwambia, na kila aliyoyatunga aliyafumua. Kikapu cha Jumatatu ile kilikuwa bado nyumbani, hakijashonwa. Chuma hakujua lolote. Alikuwa hajamwambia, kwa kuogopa kwamba akijua atakataa upasuaji. Na pia, kusema kweli, kwa kuogopa kwamba akijua hatakataa.

"Wamenitoa," Mama Vikapu alisema bila kuulizwa, vidole vikiendelea. "Nilikuwa wa kumi na mbili, nimekuwa wa kumi na tatu. Yupo aliyeingia ghafla. Wameniambia nisubiri miezi minne, na nisikose tarehe." Akacheka kidogo. "Mimi. Nisikose tarehe."

Chuma alisema pole. Kisha akamtazama mkewe ili na yeye aseme pole, na mkewe alikuwa ameitoa futi shingoni, anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na mbili. Alimtazama mara moja tu, akaelewa.

Benchi lilikuwa na watu tisa. Mwanamume mmoja alisoma gazeti, wengine walikaa tu. Chuma alikohoa.

"Aliyeingia ni mimi," alisema.

Vidole vya Mama Vikapu vilisimama.

"Mimi ndiye niliyekutoa. Nilikuwa nadanganya vipimo. Nikiwa mgonjwa siji, nikiwa mzima nakuja. Ningekuja kama ulivyokuja wewe, wangeniona zamani, wala tusingegongana mlangoni."

Alisema kwa sauti yake ya karakana, ambayo haijui kunong'ona. Gazeti lilishuka. Mama Futi alisema kwamba na yeye alijua, alijua tangu siku aliyokwenda kuonana na mtakwimu, alijua wa chini ni nani na hata hivyo alisema. Alitaka kuongeza neno la kuomba radhi lakini aliona kila neno alilokuwa nalo ni dogo, akaacha.

Mama Vikapu hakuwatazama. Alitazama ukindu mkononi mwake.

"Miaka miwili," alisema. "Sijakosa hata mara moja. Siku niliyomzika dada yangu, nilitoka makaburini nikaja hapa."

Mlango wa maabara ulifunguliwa ukafungwa. Mama Vikapu aliweka kikapu chini.

"Hebu niione hiyo miguu."

Chuma aliinama kadiri pumzi ilivyomruhusu, akakunja suruali, mikunjo miwili, mikunjo mitatu, mbele ya watu tisa, mpaka ikaonekana mishono ya mkewe jinsi ilivyofumuliwa na kushonwa na kufumuliwa tena. Mama Vikapu aliinama kando yake. Aligusa kifundo kwa kidole gumba, akabonyeza, akaondoa, akasubiri pamoja naye shimo lijae. Kisha akapandisha gauni lake kidogo, akabonyeza mguu wake mwenyewe, akalinganisha. Mama Futi, ambaye jicho lake halikuhitaji futi, aliona kwamba mguu wa Chuma ulikuwa mbaya zaidi, na aliona kwamba haukuwa mbaya zaidi kwa mengi.

Nesi alitokeza mlangoni na faili mkononi. "Chuma," aliita, akiangaza benchi juu ya miwani. "Yupo, au amesafiri?"

Chuma alikuwa bado ameinama, anahangaika kuteremsha suruali, na pumzi ilikuwa haijamrudia.

"Yupo," alijibu Mama Vikapu, akavuta kikapu chake pembeni ili apite.